Kupalizwa kwa Maria na mifupa isiyodaiwa na mtu

Kila ifikapo 15 Agosti, Wakatoliki wanapoadhimisha Bikira Maria kupalizwa, yaani kuchukuliwa, mbinguni mwili na roho, shutuma ileile hurudi: kwamba fundisho hilo lilibuniwa na Papa Pius XII tarehe 1 Novemba 1950. Mwaka huo ni wa kutangazwa kwa dogma tu, yaani fundisho ambalo kila Mkatoliki hulazimika kuliamini. Sikukuu ilikwisha kuwekwa tarehe hiyo katika dola la Bizanti mwishoni mwa karne ya 6, na Waorthodoksi, ambao hawamtii Papa wala hawana dogma hiyo, bado hufunga siku 14 kabla yake.

Waprotestanti husema Biblia haina habari hiyo, na ni kweli. Jina la Maria linatajwa mara ya mwisho katika Matendo 1:14, akisali pamoja na mitume. Epifanio, askofu wa Salamis, aliandika katika karne ya 4 kwamba mwisho wake haujulikani na yeyote. Masimulizi ya mitume kuletwa kitandani pake juu ya mawingu ni ya baadaye, na sioni kwa nini Mkatoliki ahangaike kuyatetea.

Lakini kuna jambo ambalo wapinzani hulipita haraka mno. Wakristo wa kale walisaka masalia ya watakatifu kwa pupa, kwa kuwa mifupa ilivuta mahujaji na mahujaji walikuja na fedha. Kichwa cha Yohane Mbatizaji kinadaiwa kuwa Roma, Amiens na Damasko kwa wakati mmoja. Kwa Maria, aliyeheshimiwa kuliko wote hao, watu wa Prato, Italia, wana mshipi wake na wa Chartres, Ufaransa, wana kitambaa chake, ila hakuna mji uliojipatia umaarufu kwa mifupa yake. Kaburi linaloonyeshwa Yerusalemu, karibu na Gethsemane, huonyeshwa likiwa tupu. Atakayejibu kwamba imani ya kupalizwa ndiyo iliyozuia madai hayo atakuwa amekiri kwamba imani hiyo ilienea mapema kiasi cha kuwafunga mikono hata walaghai.

Hoja ya Kiprotestanti inauma kweli mahali pengine. Tamko la 1950 linasema anayekana fundisho hili kwa makusudi ameiacha imani, ilhali lenyewe linakwepa kusema kama Maria alikufa kwanza. Mlutheri anayesoma habari za Henoko na Eliya, waliochukuliwa na Mungu bila kufa, hawezi kusema jambo hilo haliwezekani kwa Mungu. Anachouliza ni kama kaburi tupu latosha kuifunga dhamiri yake, na hapo, nakiri, Waorthodoksi wanaoimba sikukuu hiyo bila kumlaani asiyeikubali wana jibu jepesi kuliko la Roma.