Mdadisi akija na mtendaji, atapewa gunia tatu

Kila Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) inapotoa ripoti ya utafiti wa kilimo, hakosi mtu wa kusema mtandaoni kwamba namba zimepikwa. Sidhani kama zinapikwa ofisini. Zinaanza kuungua huku huku vijijini, mdadisi, yaani muulizaji wa utafiti, ameshika kishikwambi na mwenye mji anajiuliza huyu katumwa na nani hasa.

Angalia anavyofika. Analetwa na mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, yule yule anayepita kudai mchango wa madarasa, na msimu wa ruzuku ya mbolea ukifika ofisi yake ndiyo inayoandika ekari zako. Salamu zikiisha mgeni anauliza: umevuna kiasi gani, umeuza shilingi ngapi, vibarua wa palizi umewalipaje, unadaiwa na nani? Na mtendaji kakaa pale pale, anasikiliza. Wazee wanaoikumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa 2003, na jinsi watu walivyokimbilia porini mgambo wakipita, hawahitaji kufundishwa jibu. Gunia sita zinakuwa tatu. Kwenye ekari ni kinyume chake: kijana aliyesikia kwamba mbolea ya ruzuku inaendana na ukubwa wa shamba, ekari zake mbili zinazaa ya tatu. Siwalaumu hata kidogo.

Sheria ya Takwimu ya 2015 inalinda siri ya taarifa za mtu mmoja mmoja. Vizuri. Ila anayeijua ni mdadisi, si bibi anayeulizwa.

Hata asiye na nia ya kuficha anakwama. Kishikwambi kinataka kilo, yeye ana gunia. Gunia lipi? La kilo mia, au lumbesa, gunia la kujazwa kupita kiasi, ile inayopigwa marufuku kila mwaka na kila mwaka inapakiwa? Mahindi mabichi mliyochoma na kuchemsha kabla ya mavuno yanaandikwa wapi? Mihogo ndiyo balaa: leo mashina mawili, Jumapili matatu, hakuna siku ya mavuno. Malawi walijaribu kuzipa kaya daftari la kuandika kila zinapochimba, na mihogo ikaonekana mingi kuliko ile ya kukumbuka kwa kichwa. Na anayejibu mara nyingi ni baba, kwa kuwa ndiye mkuu wa kaya, wakati karanga alipanda mama, akaziuza mama kwa sado, kopo la kupimia, na hela anajua mama zilikokwenda.

NBS hawajalala, tuseme ukweli. Utafiti wao wa kufuatilia kaya zile zile, ulioanza 2008/09, unauliza shamba kwa shamba na hupima maeneo kwa GPS badala ya kumwamini mtu na macho yake. Hiyo inatibu ekari. Woga hautibiwi na GPS.

Marekani wizara ya kilimo ina utafiti wake, ARMS, ulioanza 1996 kwa kuunganisha tafiti mbili: mmoja wa gharama na mapato, mwingine wa namna watu wanavyolima. Wanauliza dawa iliyopigwa shambani, wanauliza na madeni. Mkulima wa kule ana risiti na hesabu za kodi za kufungua mezani. Wa kwetu ana kichwa chake, na wengine chaki ukutani.

Kwa hiyo ningeanza na jambo dogo lisilo na gharama: mtendaji amtambulishe mgeni, kisha aondoke. Mama aulizwe ya kwake peke yake. Kila kijiji kiwe na gunia na sado zilizopimwa mizani kabla ya swali la kwanza. Na matokeo yabandikwe ofisi ya kata, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: wilaya yetu ekari ya mahindi inatoa nini, inagharimu nini, bei ya shambani ilikuwa ngapi. Dalali anayekuja na lori lake anazo namba hizo. Sisi tuliozitoa hatunazo.