Ukaazi wa kudumu kwa wenye ujuzi: uende na alama au uende na mwajiri?

Nchi zinazotafuta wataalamu kutoka nje zimejipanga kwa njia mbili kuu. Kanada na Australia hukuruhusu kuuwania ukaazi wa kudumu ukiwa bado kwenu: unahesabiwa alama, ukifika kiwango unaalikwa, na siku unaposhuka kwenye ndege tayari wewe ni mkaazi. Ujerumani na Uingereza hutaka kwanza uajiriwe, ufanye kazi kwa kibali cha muda, ukatwe kodi na michango, ndipo uombe kubaki. Mijadala mingi huzilinganisha njia hizi kwa muda na gharama. Mimi naona kuna swali linalotangulia hayo: mambo yakiharibika, hasara inamwangukia nani, na katika hatua gani?

Kanada ndiyo iliyotangulia wengine kuweka mfumo wa alama, mwaka 1967. Tangu Januari 2015 maombi ya wenye ujuzi hupitia mfumo uitwao Express Entry, na hapa ndipo wengi huchanganya hesabu mbili tofauti. Ya kwanza ni ya kufuzu, alama 67 kati ya 100. Ya pili ni ya ushindani, ina kilele cha alama 1,200, na hiyo ndiyo huamua nani anaalikwa. Kuvuka ya kwanza ni kuingia uwanjani tu.

Chukua mtu wa miaka 29, hana mwenzi, ana shahada moja ya kwanza, ana uzoefu wa kazi wa miaka 3, hana ndugu Kanada wala mwajiri anayemsubiri. Umri unampa 12, shahada 21, uzoefu 11. Hizo ni 44. Alama 23 zilizobaki lazima zitoke kwenye lugha. Masharti yametaja kiwango cha chini cha lugha kuwa CLB 7 (CLB ni kipimo cha Kanada cha uwezo wa lugha), ambacho ni 6.0 katika kila sehemu ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, aina ya General Training, na watu wengi husoma mstari huo wakapumua. Lakini CLB 7 inampa 16, na CLB 8 inampa 20, kwa hiyo anaishia 60 au 64 na mlango haufunguki. Inambidi afikie CLB 9, yaani 8.0 kusikiliza na 7.0 kusoma, kuandika na kuzungumza, ndipo apate 24 na kufika 68. Kwa mwombaji wa namna hii, kiwango cha chini kilichoandikwa hakimsaidii chochote.

Akishavuka, hesabu ya pili inampa 110 za umri, 120 za shahada, 124 za lugha, na 75 kwa kuwa na shahada, uzoefu na lugha nzuri kwa pamoja. Jumla 429. Angekuwa na shahada ya uzamili angefika 469. Mwaka 2025 duru za mialiko kwa watu waliokwisha kufanya kazi ndani ya Kanada zilikata juu ya 500. Mtu huyu basi amefuzu, anasubiri, na kila siku ya kuzaliwa inamla: akiwa na miaka 34 alama zake za umri zitakuwa zimeshuka kutoka 110 hadi 83. Orodha ya wanaosubiri haifanani na foleni. Aliyeingia jana akiwa na alama nyingi anaalikwa kabla ya aliyeingia mwaka jana, na jina lisipopata mwaliko katika miezi 12 linafutika, anaanza upya.

Zipo ngazi za kujipandisha, nazo hazilingani. Kuteuliwa na jimbo kunaongeza alama 600 na kwa kawaida kunamaliza kazi. Kifaransa cha kiwango cha 7 katika sehemu zote nne kinamwongezea mwenye Kiingereza kizuri alama 62, na zaidi ya hapo kinamwingiza kwenye duru maalumu za wazungumzaji wa Kifaransa, zilizoanza mwaka 2023. Katika mwaka huohuo wa 2025 duru hizo zilikata chini ya 500, na kuna iliyoshuka chini ya 400. Kwa mtu wa alama 429, mwaka mmoja au miwili ya kusoma Kifaransa kwa bidii ina maana kuliko kurudia IELTS mara ya nne. Ngazi ya barua ya ajira ndiyo iliyong'olewa: alama 50 au 200 zilizokuwa zikitolewa kwa mwenye mwajiri zilifutwa tarehe 25 Machi 2025, kwa sababu barua hizo zilikuwa zimegeuzwa bidhaa. Anayekuuzia barua ya ajira ya Kanada leo ili "upandishe alama" anakuuzia kitu kisichokuwepo.

Faida ya njia hii ni kubwa, na nisingependa ipuuzwe kwa sababu ya ugumu wa hesabu. Mkaazi wa kudumu anaacha kazi mbaya bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwenzi na watoto waliomo kwenye ombi wanapata hadhi ileile. Sharti la kuibakiza ni kuishi Kanada siku 730 katika kila miaka 5, ambalo linamwachia mtu nafasi ya kuuguza mzazi au kumaliza mkataba mahali pengine.

Gharama yake ni kwamba hakuna anayekusubiri. Kama fani yako inasimamiwa kwa leseni, mfano uuguzi, udaktari, uhandisi au ualimu, hati ya ukaazi haikupi leseni hiyo. Tathmini ya vyeti unayoilipia kabla ya kuomba inasema tu kwamba shahada yako inalingana na ya Kanada. Bodi ya fani katika jimbo ina masharti yake, mitihani yake na ada zake. Huku ndiko anakotokea muuguzi mwenye ukaazi halali anayefanya kazi ya ghala. Australia imelipunguza tatizo hili kwa kutaka fani itathminiwe kabla ya kuomba. Kiwango chake cha chini ni alama 65, na kwa viza hizi za alama mwaliko lazima ukukute hujafikisha miaka 45. Kwa maoni yangu huo ni uungwana zaidi, hata kama unachelewesha, kwa sababu mtu anaambiwa ukweli kabla hajauza vitu vyake.

Ukishaalikwa Kanada una siku 60 za kuwasilisha ombi kamili, na maombi mengi hufia kwenye barua ya uthibitisho wa ajira. Barua inatakiwa iwe kwenye karatasi rasmi ya mwajiri, itaje cheo, tarehe za kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu, na majukumu halisi. Mwaka mmoja wa uzoefu unahesabiwa kuwa saa 1,560, yaani saa 30 kwa wiki. Barua ya mistari miwili isemayo "alikuwa mfanyakazi wetu mwaminifu" haithibitishi chochote kati ya hivyo. Iliyonakili majukumu neno kwa neno kutoka orodha ya fani ya serikali ya Kanada nayo inazua shaka. Fedha za kujikimu vilevile: ofisa anataka kuona salio la miezi 6, na kiasi kikubwa kilichoingia wiki iliyopita bila maelezo kinaonekana kuwa cha kuazima, jambo lisiloruhusiwa. Na usifiche viza uliyowahi kunyimwa. Kunyimwa viza huko nyuma kunaelezeka. Kusema uongo juu yake kunaleta marufuku ya miaka 5.

Sasa upande wa mwajiri. Mwenye Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha kazi cha wataalamu, nchini Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 ya kazi akiwa na Kijerumani cha A1 (ngazi ya mwanzo kabisa), au miezi 21 akiwa na B1 (ngazi ya kati). Mwenye ujuzi asiye na kadi hiyo husubiri miaka 3, muda uliopunguzwa mwezi Novemba 2023. Miezi inayohesabiwa ni ile iliyolipiwa michango ya pensheni, kwa hiyo hati za mishahara na taarifa ya mfuko zitunzwe tangu mwezi wa kwanza. Mshahara nao una sakafu inayopandishwa kila mwaka: mwaka 2025 ilikuwa euro 48,300 kwa mwaka, na euro 43,759.80 kwa fani zenye uhaba wa watu na kwa waliohitimu karibuni. Mkataba ukiwa chini ya hapo hata kwa euro mia, kadi haitoki.

Hapa umri haukuli alama kila mwaka, na ushindani wa kitaifa haupo. Unamshawishi mwajiri mmoja. Mtu wa miaka 41 ambaye hesabu ya Kanada imemtupa nje anaweza kuwa na nafasi nzuri kabisa Ujerumani, ingawa mwenye zaidi ya miaka 45 huangaliwa pia mshahara au pensheni yake. Kinachokwamisha ni shahada. Chuo chako na shahada yako vyote viwili vitafutwe kwenye anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na vyeti vya nje. Chuo kutambuliwa hakutoshi ikiwa shahada yenyewe haijaorodheshwa, na hapo itabidi uombe tathmini rasmi ya cheti. Lifanyike hilo kabla ya kutafuta kazi, maana mwajiri aliyekupenda hatasubiri miezi.

Udhaifu wa njia ya mwajiri unaonekana wazi zaidi Uingereza. Mwenye viza ya kazi ya ujuzi ambaye ajira yake imekatika, au ambaye mwajiri wake amenyang'anywa leseni ya udhamini (ruhusa ya serikali ya kuajiri wageni), kwa kawaida hupewa siku 60 apate mdhamini mpya au aondoke. Akiwa nje ya nchi zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote, hesabu yake ya miaka 5 inaharibika. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka na hulipwa mbele, kwa hiyo viza ya miaka 5 ni pauni 5,175 kwa mtu mzima mmoja kabla ya ada nyingine. Na mwezi Mei 2025 serikali ilipendekeza muda wa kawaida wa kungoja upande kutoka miaka 5 hadi 10. Mtu aliyeanza safari kwa sheria moja hana hakika kwamba ataimaliza kwa sheria hiyohiyo. Mwenye kibali cha muda anakaa ndani ya hatari hiyo miaka yote, wakati mwenye alama aliimaliza kabla ya kufunga sanduku. Miezi 21 ya Ujerumani inavumilika hata mwajiri akiwa mgumu. Miaka 5 au 10 ya kuogopa kufukuzwa ni jambo lingine, na inamfanya mtu anyamaze mahali ambapo angedai haki yake.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa jumla kwamba "Kanada ni bora" au "Ulaya ni rahisi". Aliye chini ya miaka 32, mwenye uwezo wa kweli wa kufika CLB 9 na fani isiyohitaji leseni, ajaribu alama kwanza. Aliyevuka 38, au mwenye fani inayotafutwa na shahada iliyomo anabin, atafute mkataba wa Ujerumani na aanze B1 kabla ya kuondoka, kwa sababu hiyo B1 inamkatia miezi 6 ya kuwa chini ya mwajiri. Uingereza ningeiweka kwa mwenye mwajiri mkubwa na imara pekee.

Kwa yeyote kati yao, mpangilio wa malipo una uzito. Mtihani wa lugha uje kwanza, hata kama unaisha nguvu baada ya miaka 2, kwa sababu matokeo yake ndiyo yanayosema kama kuna haja ya kulipia tathmini ya vyeti, ambayo kwa Kanada inadumu miaka 5. Hati ya polisi inahitajika kutoka kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, na ile ya nchi uliyoihama zamani ndiyo huchelewa kuliko zote. Iombe siku unayopata mwaliko, kabla hujagusa karatasi nyingine.