Kuulizia Dosie Yako Si Kukosa Adabu

Kila mwaka matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo, yakishatoka na dosie, yaani faili za maombi ya chuo kikuu, zikishawekwa, wanafunzi waliomaliza mchepuo wa bio-chimie (biolojia na kemia) huniuliza: "Mwalimu, nikienda kuulizia fakilte ya udaktari, hawatanikasirikia?" Nafundisha kemia hapa Lubumbashi, na jibu langu ni kwamba waende. Waende kwa utaratibu, na barua mkononi, wala si kila siku, lakini waende. Ile heshima tuliyolelewa nayo, ya kungoja mkubwa aseme kwanza, inawaumiza vijana wasio na mtu ofisini. Wenye mtu ofisini haiwagusi hata kidogo.

Tukisema "msisumbue wakubwa", tunamwambia nani hasa? Tunamwambia binti wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, ambaye mama yake anauza makaa, asiyejua hata mlango wa kugonga. Anarudi nyumbani, anangoja. Wakati huo mjomba wa mwenzake amekwisha kumpigia simu profesa waliyesoma naye, na hakuna anayeona kuwa profesa amesumbuliwa. Mimi naona simu ile ndiyo shinikizo lenyewe. Haiachi alama yoyote, inamweka mtu wa kamati inayochagua wanafunzi mahali pabaya kati ya kazi yake na urafiki wake, na inaomba jambo lisiloweza kusemwa mbele ya watu. Barua ya mwombaji iliyopita sekretarieti na kugongwa muhuri wa kupokelewa haimwombi mtu avunje kanuni yoyote. Inauliza tu.

Ila inategemea inauliza nini. "Je, nitakubaliwa?" ni swali ambalo hakuna awezaye kulijibu kabla kamati haijakaa, na anayelirudia kila wiki anachosha watu bure. Kuna maswali mengine yenye majibu ofisini. Dosie yangu imekamilika? Mtihani wa kuingia utafanyika lini, na matokeo yatabandikwa wapi? Wakipungua waliokubaliwa, wanaofuata wataitwa kwa njia gani? Karani anaweza kuyajibu akiwa amesimama, na mwombaji akatoka akijua la kufanya.

Kwetu swali hilo la dosie kukamilika lina uzito kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa sababu ya majina. Kwenye buletini, ile ripoti ya alama za shule, mtoto ni Ngoy, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Ngoie. Shuleni wameanza na jina la baba, mtaani wameanza na jina la ubatizo, jina la pili limesahaulika kwenye karatasi moja kati ya tano. Mzazi haoni tofauti, maana anamjua mwanawe. Anayepanga dosie mezani anaona watu wawili. Tena diploma yenyewe huchelewa mno kutoka, kwa hiyo wengi huweka kwanza hati ya kufaulu au nakala, kisha karatasi iliyo bora hupatikana baadaye. Kijana mwenye tatizo kama hilo akinyamaza kwa sababu ya haya, dosie yake itabaki pembeni, na atakuja kuamini kwamba alishindwa kwa akili. Nimewaona vijana wenye asilimia nzuri sana wakiishia kwenye masomo wasiyoyapenda, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba karatasi moja tu ndiyo iliyokosekana.

Barua yenyewe iwe fupi, ya Kifaransa safi. Jina lote kama lilivyo kwenye matokeo ya Exetat, tarehe ya kuweka dosie, namba ya risiti, swali moja au mawili, shukrani, namba ya simu. Kuhusu simu niseme kidogo: vijana hubadilisha laini mara kwa mara, kwa hiyo weka pia namba ya mzazi, au ya jirani ambaye simu yake haizimwi. Habari za uyatima, za shida za nyumbani, za ndoto ya udaktari tangu utotoni, mahali pake ni barua ya kueleza nia kama imeombwa. Ukizileta kwenye ufuatiliaji, msomaji anajiona analazimishwa kukuhurumia.

Iende kwa ofisi inayoshika dosie. Kuna wanaomwandikia rekta, mkuu wa chuo kikuu chote, moja kwa moja, na nakala kwa gavana, kwa sababu mtu fulani kanisani aliwaambia kwamba barua ikiwa na nakala nyingi inaogopwa. Ni kweli, inaogopwa. Lakini mkuu wa fakilte aliyerukwa ngazi ndiye atakayekaa kwenye kamati. Mwanzie yeye, na upitie kwa mama wa sekretarieti kwa salamu kamili, bila kumpita kama vile hayupo. Akikwambia rudi Jumatano, rudi Jumatano. Na mtu yeyote akikuomba hela kidogo "ili atafute dosie", mwombe kwa upole risiti ya benki. Ada halali ina risiti.

Jambo moja linanikera kweli: namba ya profesa ikivuja kwenye kundi la WhatsApp, usiku ule ule anapokea "bonsoir prof" kutoka kwa watu asiowajua, na wengine sauti za dakika tatu. Hiyo acheni. Simu yake si sekretarieti.

Na muda? Kama wametangaza tarehe ya majibu, ngoja ipite, ongeza siku chache, kisha uliza. Kama hawakutangaza, majuma mawili hivi baada ya kuweka dosie ni ya haki kabisa kwenda kuhakikisha imefika. Baada ya hapo usirudi mikono mitupu: rudi ukiwa na karatasi mpya, sahihisho la jina, au namba ya simu iliyobadilika.

Wanaoomba nje, kwa mfano Marekani, watakuta desturi tofauti, na wasiende na mazoea ya hapa. Kule mwaka 2021 waombaji wa shule za udaktari walipita 62,000, na walioanza masomo hawakufika 23,000. Barua ya kuongeza habari mpya baada ya kuomba ni kitu kinachojulikana, lakini kila shule ina sheria yake: moja inaipokea kwenye tovuti yake, nyingine inakataza kabisa, na kumwandikia anayekataza ndiko kusumbua. Kuna pia barua ya kuahidi, "mkinikubali nitakuja kwenu", ambayo mwombaji mwaminifu humwandikia mmoja tu. Naipenda kanuni hiyo, na ningetaka tuishike hata hapa, kwa kuwa vijana wanaoweka dosie Lubumbashi, Kinshasa na Bukavu kwa mara moja hushawishika kuwaambia wote kwamba ni wao peke yao. Maprofesa wanajuana.

Fakilte nazo zina sehemu yao. Tarehe ya majibu ikiandikwa kwenye ubao wa matangazo siku ile ile dosie zinapopokelewa, pamoja na namna walio kwenye orodha ya kungoja watakavyoitwa, nusu ya wale wanaosimama kwenye korido kutwa nzima, waliotoka Likasi au Kolwezi na nauli ya kukopa, wasingekuwa na sababu ya kuja.

Aliyeandika barua yake mwaka huu na anataka isomwe kwanza, aje nayo shuleni baada ya masomo. Achapishe nakala mbili: moja itabaki ofisini, nyingine igongwe muhuri na tarehe, arudi nayo nyumbani.