Nilivyookoa perege Mtera

Mimi ni mtu wa kusoma soma, na ugonjwa wangu ni kutaka kila mtu ajue kwamba nimesoma. Septemba iliyopita nilikuwa namrudisha baba mkwe Iringa tukitokea Dodoma. Kufika Mtera, mzee akataka tusimame anunue perege. Hilo tu. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania tupande mtumbwi nimwonyeshe bwawa.

Tukanunua mtungo wa perege sita, nikaupakata mwenyewe kwa heshima ya mkwe. Kijana mvuvi akashika upondo, tukasogea. Nikafungulia bomba.

"Baba, hapa ndipo mito ya Ruaha Mkuu na Kizigo inapokutana. Bwawa lilijengwa kuanzia 1975 mpaka 1979, la kutunza maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu kule chini. Umeme wa hapahapa, megawati 80, ulikuja baadaye, 1988. Ndiyo maana kiangazi kama hivi ziwa linarudi nyuma, maji yote yanakwenda Kidatu."

"Ehe," akaitikia mzee, macho kwenye perege.

Nikamwonyesha miti mikavu iliyosimama majini kama nguzo za simu, mnandi wamekaa juu yake wakianika mabawa. "Ilizamishwa bwawa lilipojaa, baba. Na mingine iko chini, huioni."

"Na viboko wapo?" Swali lake la kwanza tangu tutoke Dodoma.

"Wamejaa!"

Sijafunga mdomo, gu! Kitu kikatupiga kutoka chini, mtumbwi ukainuka upande mmoja. Jamani, sikumbuki nilifikiri nini. Nakumbuka tu nilipiga yowe "Kiboko!" kwa sauti ambayo hata mke wangu hajawahi kuisikia, nikajitosa. Nikapiga mbizi. Nikapiga makasia kwa mkono mmoja, nikimeza maji na matope, nikiwaza watoto.

"Bosi," nikasikia mvuvi akiita taratibu, "simama tu."

Nikasimama. Maji yakaniishia magotini.

"Ni kisiki," akasema.

Mtu mwenye akili angejiuliza tangu mwanzo: kijana anayesukuma mtumbwi kwa mti, na mti unagusa chini, hapo kina ni cha kumzamisha nani? Lakini mimi nilikuwa nahutubia.

Baba mkwe alikuwa ameketi palepale, kofia haijahama hata kidogo. Akaniangalia kuanzia kichwani, akashuka mpaka mkono wa kushoto, akatua hapo. Nami nikatazama. Mtungo nilikuwa nimeushika, perege wote sita.

Njia nzima hadi Iringa hakusema neno, na mimi sikuwa na takwimu nyingine. Jioni mama mkwe akapakua, akashika perege mkubwa kuliko wote kumwekea mumewe. Mzee akausogeza mkono wake.

"Huyo mpe mkweo. Mtumbwi ulipopata ajali, alituacha wote akamwokoa yeye."