Usimwachie shefu wa avenue orodha ya washiriki

Hapa Goma, mtu akitaka kufanya majadiliano ya kikundi kuhusu shida ya maji, humwendea shefu wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa, na kumwomba watu kumi na wawili. Hadi jioni wameshapatikana: shemeji yake, mwalimu anayejua kusema, mzee wa kanisa, na mama wawili ili ionekane wanawake wapo. Nauli itatolewa, na shefu analijua hilo. Kisha ripoti inaandikwa "sauti ya wananchi".

Mimi naona uzito wa kazi hii uko kwenye kuamua nani akae na nani. Swali baya unaweza kuligeuza kikao kikiendelea. Benchi likishakaliwa vibaya, basi. Mketishe mpangaji karibu na mwenye parseli, yaani mwenye kiwanja na nyumba, halafu ulizia robine (bomba la maji) ya uani. Mwenye parseli atasema maji yanatoka vizuri. Mpangaji atatazama chini, ingawa anajua robine hiyo hufungwa kwa kufuli kila jioni na ufunguo uko mfukoni mwa huyo huyo aliyeketi kando yake. Baba naye atalalamikia bei ya bidoni, yaani dumu la maji. Binti anayeshuka ziwani alfajiri na bidoni ya lita 20 ana habari nyingine kabisa, na mbele ya baba hatazitoa.

Kwa hiyo wapangaji wakae peke yao, wenye parseli peke yao, wasichana wanaochota peke yao, nao waongozwe na mwanamke. Sita hadi wanane wanatosha. Alika wawili zaidi, maana mvua ikinyesha hawaji wote. Pita nyumba kwa nyumba ukiuliza jambo moja: jana nani alichota maji hapa? Shefu aarifiwe kwa heshima zote, ila orodha asiishike.

Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, alipoanza mahojiano ya namna hii miaka ya 1940, alitaka kujua wasikilizaji wanavyopokea vipindi vya redio. Hakuwa anahesabu kura. Ndiyo maana hucheka nikisoma "asilimia 75 ya washiriki", kumbe ni watu sita kati ya wanane!

Kuna na suala la saa. Kikao cha saa nne asubuhi hakimpati mama anayeuza bidhaa soko la Kituku, maana saa hiyo ndiyo anatafuta chakula cha watoto. Huyo apangiwe alasiri, akishafunga biashara. Bajeti ikibana, punguza kikao kimoja cha asubuhi.