Nunua bodi, injini utaipata: hesabu za Celica chakavu

Nyakato, hapa Mwanza, uani kwa gereji moja, ipo Toyota Celica nyeupe iliyokaa juu ya matofali. Namba yake ni ya herufi B, kwa hiyo barabara zetu imezila vya kutosha. Kuku amegeuza kiti cha nyuma kuwa mahali pa kutagia. Taa zake nne za duara, mbili kila upande, bado zipo nzima, na ndizo zilizomponza rafiki yangu. Anataka kuichukua kwa milioni mbili na nusu, aifufue kidogo kidogo kila Jumamosi. Kaka yake alimjibu bila kuinua macho kwenye sahani ya sato: "Mdogo wangu, hiyo hela weka kwenye bajaji." Kesi ikaletwa kwangu, kwa sababu niliwahi kuwa na mkweche wa milango miwili, Corolla Levin, na hadi leo nikiutaja natabasamu.

Kwenye pesa kaka hana wa kumpinga. Gari la milango miwili halibebi abiria wala mzigo, na hata harusini litakodiwa tu na bibi harusi aliye tayari kujikunja. Ukishatumbukiza milioni saba, mnunuzi atakuja, atalizunguka, atalisifia, kisha atakutajia tatu. Si kwamba hana macho. Anayenunua gari Mwanza anawaza siku litakapomzimikia Magu au Sengerema usiku, na anataka gari ambalo fundi wa kwanza kutokea amelifungua mara mia. Anayesema atalitengeneza auze kwa faida, muulize ameshauza mangapi.

Halafu kuna lile ambalo kaka hakulisema, na mimi ninalijua kwa mikono yangu. Kazi kwenye gari chakavu haiji moja. Niliwahi kupanga kubadili bushi mbili za mbele, kazi ya saa tatu kwa maneno ya fundi. Bolti ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilikuwa imeshikana na chuma cha ndani ya bushi, kutu imewafungisha ndoa. Tukamwagia dizeli, tukaenda kunywa chai, tukarudi na kuchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili tupate nguvu. Kichwa cha bolti kikakatika. Ikaletwa grenda. Cheche zikatoboa raba ya sivijointi, kile kiungo kinachopeleka nguvu kwenye tairi, iliyokuwa jirani, grisi ikaanza kuchungulia. Jioni ile nilikuwa nadaiwa bushi mbili, bolti, raba, grisi na Jumamosi nyingine nzima, na gari lilikuwa bovu kuliko nilivyolikuta asubuhi.

Kwa hiyo kama swali ni "inalipa?", jibu ni hapana, twende nyumbani. Lakini rafiki yangu hakuuliza hivyo. Yeye ni mwalimu, mshahara wake hauna miujiza, na Jumamosi zake ana namna mbili za kuzimaliza: mezani na chupa, au chini ya gari na spana. Ya pili haimmalizii hela zote siku moja. Mwezi wa shida anafunika turubai na maisha yanaendelea. Tangu ada ya mwaka ya leseni ya magari ilipofutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, gari lililolala uani halikusanyi deni la ada hiyo. Kwa anayefufua gari kwa mafungu, hiyo si nafuu ndogo.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu Celica hii. Toleo hili la sita lilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1993, na lilikuja kwa sura mbili kubwa. SS-II ilibeba injini ya 3S-GE, ambayo Toyota ilishirikiana na Yamaha kuitengeneza, yenye nguvu za farasi 180. SS-I ilibeba 3S-FE ya nguvu za farasi 140. Hiyo 3S-FE ndiyo injini ya Noah SR40. Ndiyo ya Ipsum ya kwanza, ya RAV4 ya kwanza, na ya Corona na Caldina nyingi. Nusu ya mafundi wa Mwanza wamezeeka wakiifungua. Ringi, gasketi na beringi za kranki si vitu vya kuagiza nje. Unatuma kijana na bodaboda.

Ila usidanganywe kwamba utaichomoa ya Noah na kuidumbukiza hivyo hivyo. Kwenye Noah injini imelala kwa urefu chini ya viti vya mbele na inasukuma magurudumu ya nyuma. Kwenye Celica imekaa kwa upana na inavuta ya mbele. Vya ndani vinaingiliana, lakini mikono ya kushikia injini, sampu na giaboksi ni habari nyingine. Ukihitaji injini nzima, ndugu wa karibu ni Ipsum. Na ukibadili, namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kadi nayo irekebishwe kabla trafiki hajaanza kukusomea.

Wapo watakaokereka. Celica yenye moyo wa gari la familia, si ni sawa na kumvika mchunga ng'ombe suti? Mimi sioni aibu yoyote. Uso wa ziwa letu uko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hujakanyaga mafuta. Anayeng'ang'ania 3S-GE ili akimbie, akimbilie wapi? Kutoka Buzuruga mpaka Igoma kuna matuta, bodaboda na mama anayevuka na beseni la dagaa. Pana gari jingine la rika hilo, Mitsubishi FTO, lililotwaa tuzo ya gari la mwaka Japani kwa 1994-95, lenye injini ya V6 tamu kweli kweli. Likifa huku, litakuwa pambo la uani. Mazda RX-7 yenye injini ya rotari hata nisiizungumzie.

Ndipo ninapotofautiana na wote wawili. Kaka anaogopa injini. Rafiki yangu, kama wanunuzi wote niliowahi kuwaona, alikwenda Nyakato akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili na kukinusa. Wote wanatazama kitu ambacho Mwanza kina tiba. Kinachoua miradi ya namna hii ni bodi. Milango ya Celica haina fremu juu ya kioo. Kioo kinabanwa na raba peke yake, na milango yenyewe ni mirefu na mizito kiasi kwamba bawaba huanza kulegea na kioo hakifiki tena mahali pake. Raba ikikauka, mvua ya vuli inaingia, zulia linalowa, na sakafu inaanza kuoza kimya kimya huku wewe umeshughulika na plagi. Kioo cha nyuma ni kile kigumu kinachosagika kuwa punje kikivunjika. Kioo cha aina hiyo hakikatwi; hakuna fundi wa madirisha atakayekuchongea kingine. Taa moja ya duara, kipande cha bampa, komeo la mlango: hivi havipo kwenye Noah wala Ipsum. Utavipata tu kwenye Celica nyingine inayochinjwa, na hizo ni chache.

Na hazitaongezeka. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa yaliyozidi 15. Sisi mlango uko wazi, lakini ukileta la zamani namna hiyo utalipa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na juu yake ushuru wa uchakavu. Gari la bei ya mbuzi linafika kwa bei ya ng'ombe. Celica zilizopo ndizo hizo hizo, tunachinja moja kuponya nyingine.

Kwenye kutu tu ndiko tuna bahati. Ziwa Victoria halina chumvi, kwa hiyo gari lililokaa Bwiru au Kirumba miaka kumi haliliwi kama lililokaa Tanga. Lakini lazima uulize lilikotoka. Likiwa liliishi Dar karibu na bahari, au kabla ya hapo Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, ugonjwa linao tayari, limeupaka rangi tu.

Basi hukumu yangu iliwaudhi wote wawili. Nilimwambia kaka kwamba bajaji ni biashara na hii ni starehe, na starehe hailinganishwi na biashara. Inalinganishwa na starehe nyingine. Nilimwambia mwalimu kwamba kama bodi imekamilika, vioo vyote vipo, taa zote zipo na kadi ina jina la muuzaji, achukue hata injini ikiwa imegoma kabisa. Kama injini inaunguruma kama saa lakini kioo cha nyuma ni plastiki iliyogundishwa, aondoke bila kuaga. Na nani atakayelipuuza neno la mke wa mwalimu, ambaye hajaulizwa bado? Hilo sikuligusa.

Ndoto yake, alikuja kuniambia, ni kuvuka nayo daraja la Kigongo hadi Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, vioo vimeshushwa, ziwa pande zote mbili. Kaka akapiga hesabu papo hapo: milioni saba kwa kilomita tatu.

Jumamosi nilimpa sumaku ya spika mbovu, nimeifunga kitambaa isikwaruze rangi, apitishe kwenye bodi nzima. Sumaku hushika bati, haishiki puti, ule ujiuji mgumu wa kuzibia mashimo kabla ya rangi. Saa nne akanipigia.

"Imeanguka mara mbili."

"Wapi?"

"Nyuma kushoto, juu ya tairi. Zote mbili hapo hapo."

Nikamwambia apunguze laki nne kwenye ofa yake, na mayai amwachie kuku.