Mtawa wa Kibudha na kipande cha nyama bakulini

Nikitaja Ubudha mbele ya watu, husikia mambo mawili: kwamba ni dini ya akili isiyohitaji imani, na kwamba Wabudha hawali nyama. Yote mawili yananisikitisha, maana yanaficha fundisho ninalolipenda sana.

Wanaosifu akili hutegemea mazungumzo ya Buddha na Wakalama, watu wa Kesaputta huko India ya kale. Wakalama walilalamika kwamba walimu wanapita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisifu mafundisho yake na kuyaponda ya wenzake. Wamwamini nani? Buddha akawaambia wasishike neno kwa kuwa tu limerithiwa, linavumishwa, limo katika maandiko, au limetoka kwa mwalimu wao. Wengi huishia hapo. Lakini katika orodha hiyohiyo alitaja pia mantiki na makisio! Kipimo alichowapa ni kingine: mkijua wenyewe kwamba jambo hili linadhuru na wenye hekima wanalilaumu, liacheni. Kisha akawauliza kuhusu tamaa, chuki na upumbavu: vikimwingia mtu moyoni, vinamletea heri au shari?

Swali la namna hiyo linahamia moja kwa moja kwenye chakula. Mtawa wa Theravada, moja ya matawi makuu ya Ubudha, tuseme wa Thailand au Myanmar, hapiki. Asubuhi hupita na bakuli lake, watu wakampakulia wali, mboga, samaki au kuku, naye hula kabla ya adhuhuri. Kanuni yake, ambayo Buddha alimweleza mganga Jivaka, ni kwamba asile nyama akiona, akisikia au akishuku kuwa mnyama alichinjwa kwa ajili yake. Devadatta, binamu yake Buddha, alitaka watawa wapigwe marufuku kula nyama na samaki kabisa. Buddha alikataa.

Kanuni hiyo naiheshimu. Marufuku ni rahisi kuifuata hata ukiwa umelala. Hili la kushuku linamtaka mtu awe macho kila mlo. Na anayeomba hachagui. Akikataa kipande cha samaki cha mama maskini, amemnyima sadaka yake.

Ila mimi siombi. Mimi naenda buchani na pesa mkononi, nachagua steki au maini, na ng'ombe wa kesho atachinjwa kwa sababu wateja kama mimi tumenunua leo. Sutra ya Lankavatara, andiko la Wabudha wa Mahayana, tawi lililoenea China na Japani, ilishaliona hili: anayenunua ana sehemu yake katika kuua. Ndiyo maana katika karne ya 6 mfalme Wu wa Liang, huko China, aliwabana watawa waache nyama na pombe, na hadi leo nyumba nyingi za watawa wa Kichina hazipiki nyama. Japani ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1872 serikali iliwaruhusu watawa kula nyama na kuoa.

Kwa hiyo kanuni ya bakuli nawaachia wenye bakuli. Mnunuzi akijificha nyuma yake anadanganya nafsi yake.

Nadhani Wabudha wa kawaida wanalijua hilo. Sri Lanka, kila Poya, sikukuu ya mwezi mpevu, waumini huvaa nguo nyeupe na kwenda hekaluni, na mabucha hufungwa. Kesho yake hufunguliwa tena.